Shajara ya Mradi wa Teleka: Kuwatafutia Nafasi katika Kuta za Nyumba Mpya

Novemba 2022

Kamati ya wakazi wa mtaa wetu, ulio pembezoni mwa mji wa Cambridge nchini Uingereza, imekubali kuanzisha mradi wa kuwapatia teleka mahali pa kutagia katika majengo ambayo hayakuachiwa hata ufa mmoja. Mtaa una fleti za ghorofa tatu zilizojengwa kwa matofali, madirisha yake hayapitishi upepo na mapaa yake yamezibwa kwa ustadi pande zote. Kwa mpangaji anayelipia gesi hiyo ni neema, kwani joto alilolilipia halimtoroki, lakini kwa teleka ni balaa. Ndege huyu ni nadra kujenga mtini, wala hatui ardhini. Kwa karne nyingi ameishi na binadamu kwa kujipenyeza chini ya vigae vilivyolegea na katika nyufa za kuta kuukuu, na kila paa la zamani linapokarabatiwa, au nyumba ya zamani inapobomolewa na kupisha mpya, hurudi kutoka Afrika akakuta tundu lake halipo.

Idadi ya teleka wanaozaliana Uingereza imepungua kwa zaidi ya nusu tangu 1995, na Desemba 2021 waliingizwa katika orodha nyekundu ya ndege wanaohitaji hifadhi ya haraka nchini humo. Sababu si moja, kwa maana hata wadudu wa angani ambao teleka huwala wamepungua. Hata hivyo, kamati yenye ngazi na msumeno haiwezi kuongeza wadudu wa bara zima. Inaweza kuongeza matundu, na hapo ndipo tulipoamua kuanzia.

Msomaji wa Afrika Mashariki anamfahamu zaidi teleka mdogo, yule mwenye kiuno cheupe anayejenga kwa makundi chini ya madaraja na kwenye dari za baraza za majengo makubwa ya mijini. Huyu wa Ulaya ni mkubwa zaidi, ana rangi ya masizi mwili mzima isipokuwa kooni palipofifia, uzito wake ni gramu 40 hivi, na mabawa yake yamepinda kama mundu. Vifaa vidogo vya kufuatilia safari ambavyo British Trust for Ornithology, shirika la utafiti wa ndege, iliwafunga teleka wa Uingereza vimeonyesha kwamba wakiondoka huku huelekea Kongo, baadhi wakasogea hadi Msumbiji, kisha wakarudi kwa kuzungukia Afrika Magharibi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walithibitisha kwamba wapo wanaokaa angani miezi kumi mfululizo bila kutua. Kwa ufupi, kitu pekee anachokihitaji teleka kutoka kwetu ni shimo dogo la giza kwa muda wa miezi mitatu.

Januari 2023

Kazi ya mwezi huu ilikuwa kuchagua ukuta, nayo ilizua mjadala mrefu, kwa sababu nusu ya wakazi walitaka ndege wawe karibu na dirisha lao na nusu nyingine walitaka wawe karibu na dirisha la jirani. Hofu kubwa ilikuwa kinyesi. Tulieleza kwamba teleka si mbayuwayu: mbayuwayu wa Ulaya anayejenga kwa udongo chini ya ukingo wa paa huacha alama ukutani na chini yake, ilhali teleka hulea makinda ndani kabisa ya tundu, na wazazi humeza au kubeba sehemu kubwa ya uchafu wa makinda, hivyo mtu anaweza kupita chini ya kiota chake miaka nenda miaka rudi asijue kama kipo. Hoja hiyo ndiyo iliyotupatia kura.

Vigezo vya ukuta vyenyewe havina ubishi. Tundu liwe mita 5 au zaidi kutoka ardhini, na chini yake pawe wazi, bila tawi, waya, kibaraza wala paa la gereji, kwa kuwa teleka ana miguu mifupi isiyofaa kutembea na akitoka kiotani hujiachia adondoke kwanza, kisha mabawa yakashika hewa. Pia tundu lisiwekwe penye mmea unaotambaa ukutani, maana ngazi hiyo ya majani hutumiwa na paka na panya.

Kigezo cha kivuli ndicho nilichokisimamia kwa nguvu zaidi. Tarehe 25 Julai 2019 kipimajoto cha bustani ya mimea ya Chuo Kikuu hapa Cambridge kilionyesha nyuzi 38.7, ambayo ilikuwa rekodi ya taifa zima, na rekodi yenyewe haikudumu, kwani tarehe 19 Julai 2022 kituo cha Coningsby, Lincolnshire, kilipima nyuzi 40.3. Juni ya mwaka huohuo, katika miji ya Sevilla na Córdoba nchini Uhispania, makinda wa teleka waliokuwa ndani ya mashimo ya kuta zilizopigwa na jua walijitupa nje kabla hawajaweza kuruka, wakifa barabarani kwa mamia. Mtu anayetundika sanduku la mbao kwenye ukuta wa kusini usio na kivuli, kwa sababu tu ndiko kunakoonekana vizuri kutoka bustanini, anatengeneza tanuri. Tumechagua ukuta wa kaskazini-mashariki, chini ya ukingo wa paa, ambao hupata jua la asubuhi pekee.

Lilibaki swali la sanduku au tofali. Siku hizi yapo matofali yenye uwazi ndani, yanayojengewa ukutani pamoja na mengine, na kinachoonekana nje ni tundu dogo tu. Bei yake ni pauni 30 hadi 40 hivi. Tofali halihitaji rangi wala skrubu, halipati joto haraka, na hudumu maadamu ukuta umesimama. Halmashauri ya Brighton na Hove imekuwa ikiyadai katika majengo mapya tangu 2020, na kiwango cha kitaifa BS 42021, kilichotolewa 2022, kinataka idadi ya nafasi za viota ilingane angalau na idadi ya makazi yanayojengwa. Kwa maoni yangu hilo ndilo suluhisho la kweli, na sanduku la kutundika ni dawa ya kutuliza maumivu. Lakini kuta zetu zimekwisha kujengwa, na kukata matofali kungevunja dhamana ya jengo. Tutatundika masanduku kwenye jengo letu, na tutaiomba kampuni inayojenga awamu ya mwisho ya mtaa iweke matofali tangu mwanzo.

Machi 2023

Masanduku manane yamekamilika, katika safu mbili za vyumba vinne vinne. Yametengenezwa kwa plaiwudi inayostahimili maji, na fundi wake ni seremala mstaafu, mzaliwa wa Unguja, anayeishi ghorofa ya chini na ambaye sote humwita Mzee. Kila chumba kina urefu wa sentimita 40, tundu likiwa upande mmoja na mahali pa kiota upande wa mbali, ili ndege alale gizani. Mahali pa kiota tumegandisha kibao cha mviringo, chenye kishimo katikati, kinachozuia mayai yasibingirike. Teleka hukusanya manyoya, nyuzi za majani na takataka nyepesi akiwa angani na kuzigandisha kwa mate yake, kazi inayomchukua muda mrefu. Akikuta duara tayari amepunguziwa nusu ya safari.

Tundu lina upana wa milimita 65 na kimo cha milimita 28. Mzee alikuwa ameshatoboa la majaribio kwa milimita 30, kwa kuwa ndiyo patasi aliyokuwa nayo, na aliniuliza nilipolirudisha:

“Mwanangu, milimita mbili zina maneno gani?”

“Zina ndege kwezi, Mzee. Ukimwachia hizo mbili anajikamua mpaka anaingia, na akishaingia hatoki.”

“Basi kwezi atanisamehe,” alisema, akakata kipande kipya. Matundu yote manane sasa hayapishani hata kwa unene wa karatasi. Uso wa ndani wa mbao chini ya kila tundu ameukwaruza kwa msumari, mikwaruzo ya kulala, ili kucha zipate pa kushika. Nje mbao zimepakwa rangi. Ndani hazikupakwa kitu.

Kampuni inayosimamia majengo ilitoa kibali mwishoni mwa mwezi, baada ya barua nyingi, na masanduku yalipandishwa kwa lifti ya kukodi.

Mei 2023

Teleka wa kwanza walionekana juu ya mtaa katika wiki ya kwanza ya mwezi, kama ilivyo kawaida. Hao hawatuhusu. Jozi zenye makazi hurudi moja kwa moja kwenye tundu lao la mwaka uliopita, dume na jike wakikutana humo hata kama hawakusafiri pamoja, na hakuna sanduku litakalowabadilisha nia. Wateja wetu ni vijana wa miaka miwili, mitatu, ambao hawajazaliana bado na ambao hufika kwa kuchelewa, kati ya mwisho wa Mei na Julai, wakizunguka kukagua kuta. Vijana hao hawatafuti sanduku. Wanatafuta teleka wenzao. Kwa hiyo jambo la pili baada ya tundu ni sauti.

Tumefunga spika ndogo ndani ya chumba kimoja kilichoachwa kwa ajili hiyo, ikiunganishwa na kifaa cha saa kilicho darini. Sauti inayochezwa ni ya jozi ikiitikiana kutoka kiotani, dume kwa sauti ya chini kidogo na jike kwa ya juu, wala si kelele za kundi linalopita. Nimesikia watu wakilalamika kwamba masanduku yao yamekaa matupu miaka mingi, na nikiuliza kuhusu spika hujibiwa kwamba hawakuona haja. Ningelazimika kuchagua kati ya masanduku kumi bila sauti na moja lenye sauti, ningechukua moja.

Muuguzi anayefanya zamu za usiku, ambaye chumba chake kipo karibu na ukuta huo, alipinga kuamshwa na ndege wa kurekodiwa, na alikuwa na haki. Tulikubaliana spika ianze saa tatu asubuhi hadi saa tano, kisha saa kumi na mbili jioni hadi giza liingie, kwa kiwango kisichosikika dirisha likifungwa. Siku za mvua haichezi, kwa kuwa teleka huenda mbali kuikwepa hali mbaya ya hewa.

Julai 2023

Juni iliyopita ilikuwa Juni yenye joto kuliko zote zilizowahi kupimwa Uingereza, na anga ilijaa wadudu. Jioni nyingi kundi la vijana lilipita mbele ya ukuta kwa kasi, usawa wa ukingo wa paa, likipiga mayowe. Kuanzia katikati ya mwezi baadhi yao walianza kugonga: ndege hutoka kwenye kundi, huelekea tundu moja kwa moja, hulipiga kwa bawa au kwa kifua na kuondoka mara hiyohiyo. Inaonekana kama ajali, lakini ni ukaguzi. Ikiwa ndani mna mwenyewe, mwenyewe atapiga kelele. Pakiwa kimya, nafasi ipo. Wawili walining'inia kwenye mbao chini ya tundu kwa sekunde chache, na nilifurahi kwamba Mzee alikwaruza. Hakuna aliyeingia.

Vyumba viwili vimechukuliwa na shomoro. Mjumbe mmoja alipendekeza wafukuzwe. Kamati ilikataa: shomoro naye yumo katika orodha nyekundu ya Uingereza, na kiota kinachotumika kinalindwa na sheria ya 1981 ya wanyamapori na mazingira ya vijijini, awe ndani yake ndege gani.

Oktoba 2023

Spika imezimwa tangu mwanzo wa Agosti. Majira haya tuliyatumia kwa karatasi. Tarehe 10 Julai Bunge la Uingereza lilijadili ombi la kulazimisha matofali ya viota katika nyumba zote mpya, ombi lililosainiwa na watu zaidi ya 100,000 kufuatia kampeni ya mwandishi Hannah Bourne-Taylor. Serikali haikukubali kulazimisha, hivyo kampuni ya ujenzi ya mtaa wetu haina sharti lolote kisheria, na tumebaki kuibembeleza.

Ili tuwe na mfano wa kuwaonyesha tulikwenda Fulbourn, kijiji kilicho karibu nasi. Huko nyumba za miaka ya 1960 zilizokuwa na teleka wengi zilibomolewa ili zijengwe mpya, na kazi hiyo ilifanywa kwa awamu, nafasi za viota zikiwekwa katika kuta mpya. Tulisimama barabarani tukihesabu matundu katika kuta zilizo safi na za kisasa kama zetu, na mhandisi wa kampuni, aliyekubali kuongozana nasi, aliuliza swali moja tu: unyevu unapita wapi? Lilikuwa swali zuri. Tofali la kiota lina kasha lililofungwa pande zote isipokuwa tunduni, kwa hiyo halifungui njia ya maji wala ya baridi kuingia katika nyumba. Tuliporudi tulipita Logan's Meadow, ulipo mnara wa teleka uliojengwa 2011 ukiwa na masanduku ya rangi za jua la Afrika linapokuchwa. Unapendeza, ila mimi ni muumini wa ukuta.

Julai 2024

Majira ya joto ya mwaka huu yamekuwa ya baridi, na kwa mvua zilizonyesha tulitegemea hasara tupu. Hata hivyo chumba cha tatu cha safu ya juu kina wenyeji. Ndege mmoja alianza kuingia mwanzoni mwa Juni wakati wa magharibi na kutoka alfajiri. Wiki moja baadaye walikuwa wawili. Kamera ndogo tuliyoifunga wakati wa baridi imewaonyesha wakilala ubavu kwa ubavu, wakichokoana shingoni kwa midomo, na katikati ya duara la Mzee sasa pana manyoya machache yaliyogandishwa, mojawapo likiwa jeupe la njiwa. Hawakutaga. Jozi mpya mara nyingi hushikilia tundu msimu mzima na kujenga nusu kiota kabla ya kuzaliana mwaka unaofuata, kwa hiyo hatukuhesabu jambo hilo kuwa pungufu. Spika iliendelea, ila kwa ajili ya vyumba vingine.

Januari 2025

Mwongozo wa taifa wa mipango ya ujenzi uliotolewa Desemba sasa unawataja teleka kwa jina, pamoja na popo na kalunguyeye, miongoni mwa viumbe ambao majengo mapya yanapaswa kuwazingatia. Si amri, lakini ni karatasi yenye muhuri wa serikali ya kuweka mezani. Tuliiambatisha kwenye barua yetu, na kampuni imejibu kwamba itaweka matofali ya viota katika kuta za pembeni za majengo mawili ya awamu ya mwisho. Tuliomba tofali moja kwa kila fleti, nao wamekubali nusu yake. Tumepokea nusu na tumeandika kuomba iliyobaki.

Juni 2025

Jozi ilirudi katika nusu ya kwanza ya Mei, ndege wa pili akifika siku chache baada ya wa kwanza. Yai la kwanza lilitagwa kabla mwezi haujaisha, la pili siku tatu baadaye, meupe na marefu kiasi. Wazazi hupokezana kuatamia, na baada ya siku kama 20 makinda wawili walitoka, wakiwa uchi na macho yakiwa yamefumba.

Kinachoonekana kwenye kamera wakati wa kulisha kinastahili kuelezwa. Mzazi huingia koo limevimba, na ndani yake mna tonge la wadudu walioshikamana kwa mate, mamia kwa pamoja, inzi, vidukari, mbawakawa wadogo, hata buibui wanaopeperushwa na upepo kwa nyuzi zao. Kinda hafungui mdomo tu akangoja: humeza kichwa cha mzazi karibu chote, na tonge husukumwa kooni kwake. Siku za baridi mzazi anaweza kukawia sana, na kinda wa teleka ana uwezo ambao ndege wengi hawana, wa kushusha joto la mwili wake na kupooza hadi chakula kirejee. Mwaka huu hawakuuhitaji sana.

Juu ya mgongo wa mama, au baba, maana hawatofautiki kwa macho, alionekana inzi mnyonyaji asiyeruka, bapa, wa kijani-kahawia, anayeishi na teleka na viota vyake tu. Wajumbe walipoiona picha hiyo waliuliza iwapo tunyunyize dawa. Tusinyunyize chochote. Inzi huyo na teleka wamezoeana zamani, na dawa ndani ya kisanduku kisicho na hewa ya kutosha ni hatari kwa makinda kuliko inzi.

Agosti 2025

Kuanzia wiki ya tatu ya Julai makinda walianza mazoezi: hukandamiza ncha za mabawa sakafuni na kujiinua mwili wote juu, kwanza kwa sekunde moja, baadaye kwa kitambo. Siku za mwisho hukataa chakula na kupungua uzito mpaka mwili uendane na mabawa. Wote wawili wameondoka, mmoja usiku na mwingine alfajiri ya siku iliyofuata, bila wazazi kuwasindikiza wala kuwafundisha, na wakishatoka hawarudi tunduni. Wazazi waliendelea kulala humo siku chache, kisha nao wakaondoka.

Kazi zilizopangwa kabla ya Mei ijayo ni hizi. Kiota cha chumba cha tatu hakitaguswa, kwani jozi hukitumia tena na kuongeza manyoya juu ya ya zamani. Vyumba vya shomoro vitasafishwa mwezi Novemba, maana majani wanayoyajaza huziba nafasi yote. Spika itahamishiwa safu ya chini, ambayo haijagongwa hata mara moja, na nashuku kwamba taa ya usalama iliyofungwa karibu nayo ndiyo sababu. Msimamizi wa jengo ameombwa aigeuze. Awamu ya mwisho imefika ghorofa ya pili, na matofali ya kwanza ya viota yanajengewa mwezi ujao. Nimempelekea msimamizi wa eneo hilo la ujenzi mchoro wenye alama ya upande wa juu wa kila tofali na sharti moja kwa herufi kubwa: tundu lisizibwe kwa chokaa wakati wa kumalizia ukuta. Mzee ameomba apewe kofia ya usalama ili akakague mwenyewe.